Nilishtakiwa kuiba senene Muleba, na kielelezo kikaliwa kabla ya kesi

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, na wenzangu habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi ila sijawahi kuanzisha uzi. Nimeishia darasa la saba na naandika polepole, kwa hiyo hii nimeiandika kidogo kidogo jioni nikimaliza kazi. Yaliyomo yalinipata mimi mwenyewe. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki, sitajazia.

Majina nimebadilisha na kata siitaji. Ni Muleba, upande wa Nshamba. Hiyo inatosha.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila wiki naona humu mtu anauliza: nimekamatwa nifanyeje, mtendaji ana uwezo gani, Mahakama ya Mwanzo inaamuaje. Wanaojibu wengi wamesoma sheria. Mimi sijaisoma, mimi nimepita ndani yake tu, na nimetoka.

Kwa wasio wa Kagera, senene ni panzi wanaokuja kwa makundi msimu wa mvua. Tunawala, na mgeni akiletewa anajua kaheshimiwa.

Kuwapata kuna njia mbili. Ya zamani ni ya wanawake. Unakwenda alfajiri rweya, yaani kwenye uwanda wa nyasi ambao si shamba la mtu, unaokota mmoja mmoja wakati umande umewalowesha na hawawezi kuruka. Ya siku hizi ni mtego. Mwenye uwezo anasimamisha mabati, chini anapanga mapipa, juu anawasha taa kali. Senene wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza hadi ndani ya pipa.

Mimi ni wa kuokota. Na nina tabia niliyofundishwa na bibi yangu: nikimshika senene namnyonyoa hapo hapo, mbawa na miguu, ndipo namtia kwenye ndoo. Inachelewesha, lakini hakuna anayeruka nje, na ukifika nyumbani ni kuosha na kukaanga. Wenzangu wananicheka kwamba nitazeekea rweya. Wao wanajaza haraka na kwenda kunyonyolea nyumbani.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Ndoo yangu ilikuwa imejaa, jua ndiyo linachomoza, narudi nyumbani kwa njia inayopita karibu na mtego wa Ta Kaiza. Kwetu ukimheshimu mtu mzima wa kiume unamwita Ta. Na huyu anaheshimika. Ana kahawa nyingi, na mtego wake ndio mkubwa kuliko yote kwetu.

Nikasikia anaita. Nikasimama. Akaja na kikombe cha chai mkononi, akaangalia ndoo yangu kwa mbali, akasema pipa lake limepungua na aliyepita ni mimi tu.

Wakuu, mimi ni mtu wa aibu. Nikisemeshwa na mtu mzima ghafla, maneno hayatoki. Nilitakiwa kusema nimetoka rweya. Nikakaa kimya nikiangalia miguu yangu. Kunyamaza kwangu akakuchukulia kuwa ni kukiri.

Akaitwa mgambo, nitamwita Deo. Nikapelekwa ofisi ya kata na ndoo yangu. Njiani watoto wa shule wakatufuata. Sitaki kueleza walichokuwa wanaimba.

Pale ofisini nilidhani mtendaji ndiye hakimu. Wengi kijijini tunaamini hivyo. Mtendaji akaniambia nikikiri mambo yataisha pale pale. Sikukiri, na sikukana pia, nilikuwa nalia tu. Baadaye nikaja kujua kwamba mtendaji hana mamlaka ya kumtia mtu hatiani kwa wizi. Anaweza kusuluhisha watu, anaweza kukupeleka polisi, basi. Kukuita mwizi kisheria ni kazi ya mahakama peke yake.

Ndoo ikabaki ofisini. Walisema ni kielelezo, yaani kitu cha kuonyeshwa mahakamani.

Mimi nikapelekwa polisi, wakaandika maelezo yangu. Askari alinisomea kabla sijaweka sahihi, na hilo namshukuru. Mjomba wangu, kaka yake mama, akanidhamini nikarudi nyumbani jioni ile ile. Jamani, dhamana ya polisi hailipiwi. Mtu akikuomba kitu kwa ajili ya dhamana, jua hiyo ni rushwa.

Sasa kukaja jambo ambalo lilinitesa kuliko polisi.

Jumamosi Ta Kaiza alituma ujumbe nyumbani. Alisema hana shida na sisi, ni majirani. Niende kwake na mtungi wa lubisi, nipige magoti mbele ya watu, niombe radhi, naye atakwenda kuiondoa kesi.

Lubisi ni pombe yetu ya ndizi. Toka zamani mkosaji analeta lubisi, wazee wanakunywa, mambo yanaisha. Ni desturi nzuri na imeponya ugomvi mwingi. Mjomba alifurahi kabisa. Alisema ndizi za kukamulia anazo, nisihangaike.

Mama naye alitaka yaishe. Aliogopa jela. Mimi niliogopa pia, nisidanganye. Lakini nilikuwa nafikiria kitu kimoja: nikibeba ule mtungi, nimeiba. Haijalishi nani atasahau. Nitakuwa nimeiba mpaka nazeeka, na mtoto wangu atakuwa mtoto wa yule aliyeiba senene.

Nikamwambia mama siendi. Ilikuwa sentensi fupi, ila kwangu ilikuwa ndefu.

Mjomba alikasirika. Akauliza, "Wewe unayeshindwa hata kumwamkia mchungaji, utaongea na hakimu?"

 Hata mimi nilikuwa najiuliza hilo hilo.

Jumatatu kesi ikasomwa Mahakama ya Mwanzo. Hakimu ni mama mtu mzima, ana sauti ya chini. Pembeni yake wanakaa washauri wawili wa mahakama. Hawa si wanasheria, ni raia wa kawaida wenye umri, wanakaa na hakimu kusikiliza, wanauliza maswali na kutoa maoni yao. Wetu walikuwa mzee mmoja na bibi mmoja.

Nikasomewa shtaka la wizi. Ukisomewa pale unajibu ni kweli au si kweli. Nikasema si kweli. Karani akasema hajasikia. Nikarudia. Kesi ikapangiwa siku nyingine, nikaendelea na dhamana.

Siku zile za kusubiri nilikwenda Bukoba kwa shangazi yangu anayeishi Bilele. Jirani yake ni msaidizi wa kisheria, mwenyeji wa Kashozi, nitamwita Ma Adera; Ma ni heshima ya mwanamke kama Ta kwa mwanamume. Anasaidia watu bure, mchana anashona nguo. Nilimkuta kwenye cherehani, na hakuizima. Nikaongea huku anashona na nadhani ndiyo maana niliweza kuongea. Macho yake yalikuwa kwenye kitambaa.

Alinieleza mambo ambayo yamekaa kichwani mpaka leo. Kwamba si mimi natakiwa kuonyesha kwamba sikuiba, ni Ta Kaiza anatakiwa kuonyesha kwamba niliiba. Kwamba akimaliza kutoa ushahidi nitapewa nafasi ya kumuuliza maswali, yeye na mashahidi wake, na hapo wengi wanaharibu kwa kuanza kugombana. Kwamba Mahakama ya Mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili na kama Kiswahili kinanishinda niseme.

Nikamwambia siwezi kuongea mbele za watu.

Akasema, "Nani kakuambia uongee? Uliza. Swali fupi, halafu nyamaza. Si kunyamaza unakujua?"

Tukacheka. Kisha akataka nimsimulie ile alfajiri toka nilipoamka, bila kuruka kitu. Nilipofika kwenye kunyonyoa akasimamisha cherehani. Akaniuliza kama kule kwenye mapipa huwa wananyonyoa. Nikasema hapana, wanafunga kwenye viroba na mbawa zao. Akaniambia nirudie tena.

Tulitengeneza maswali mawili tu. Moja la Ta Kaiza na moja la Deo. Nikayakariri ndani ya gari mpaka Muleba, abiria wa pembeni akadhani nasali.

Siku ya kusikilizwa watu walijaa. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya Ta Kaiza. Watu walitaka kumsikia.

Pale Mahakama ya Mwanzo mlalamikaji anaeleza kesi yake mwenyewe. Ta Kaiza akaapa, akaeleza vizuri sana. Alisema pipa lilikuwa limejaa alipokwenda kumimina chai, na kabla hajaimaliza akarudi, akakuta limepungua, na mimi napita na ndoo iliyojaa.

Hakimu akaniuliza kama nina swali.

Wakuu, nilisimama.  Sikumbuki nilikaa kimya muda gani. Hakimu hakunikaripia, alisubiri. Huyo mama Mungu ambariki kwa kusubiri kule.

Nikauliza, "Ta Kaiza, waitu, kwenye mapipa yako senene wananyonyolewa?"

Waitu ni neno letu la heshima. Lilinitoka lenyewe.

Akacheka kidogo. Akasema mtego mkubwa kama ule hauna muda wa kunyonyoa, yeye anauza na mbawa zao, kunyonyoa ni shida ya mnunuzi. Alijibu kwa kujivuna, kama mtu anayetangaza biashara yake.

Nikakaa.

Akaitwa Deo. Akaeleza jinsi alivyonikamata. Hakimu akamwambia atoe kielelezo. Deo akaweka mezani ndoo yangu. Tupu. Tena imeoshwa.

Hakimu akauliza senene wako wapi.

Deo akaangalia dari. Akasema ilikuwa Ijumaa, na mpaka Jumatatu wangeoza, na ofisi ingenuka.

"Kwa hiyo?" hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, tuliwala."

Ukumbi mzima ulicheka. Hata yule mzee mshauri aliinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Hakimu peke yake ndiye hakucheka, akasubiri watu watulie, kisha akamweleza Deo kwamba kielelezo kinachoweza kuharibika kina utaratibu wake, kinaletwa mahakamani mapema kionekane na kuandikwa, halafu mahakama ndiyo inatoa amri. Hakikabidhiwi kwa kikaango.

Nisimame hapa kidogo. Kwa mtu wa mkoa mwingine hii itaonekana ni uzembe mkubwa, na ni kweli. Lakini Mhaya aachiwe ndoo ya senene Ijumaa jioni na funguo za ofisi anazo yeye? Mimi mwenyewe sikumshangaa. Nilimwonea hata huruma.

 Ila niliwaza sasa hakuna senene, swali langu limekufa. Nikatamani Ma Adera awepo. Hakuwepo.

Hakimu akaniuliza kama nina swali kwa shahidi huyu.

Safari hii nilisimama haraka kidogo. Nikauliza, "Kaka Deo, mlipowakaanga, mliwanyonyoa ninyi?"

Deo akajibu bila kufikiria. "Hapana dada, walikuwa wameshanyonyolewa, ndoo nzima, safi kabisa. Sisi tulitia chumvi na kitunguu tu."

Hakimu akaandika.

Nikasema sina swali lingine. Na kweli sikuwa nalo.

Ndipo yule bibi mshauri akaomba kuuliza. Akamgeukia Ta Kaiza, akamuuliza kwa upole kama katika maisha yake amewahi kunyonyoa senene.

Ta Kaiza akasema ile ni kazi ya wanawake.

 Bibi aliitikia tu kwa kichwa. Lakini wanawake wote waliokuwa kwenye mabenchi walielewa, na nilisikia wakianza kunong'ona. Ndoo iliyojaa senene walionyonyolewa mmoja mmoja si kazi ya kikombe cha chai. Ukianza giza halijaisha unamaliza jua likitoka. Ta Kaiza alikuwa hajui kwa sababu maisha yake yote ameletewa sahani tayari. Alipoangalia ndoo yangu kwa mbali ile Ijumaa, aliona senene tu. Hakuona asubuhi yangu yote iliyokuwa ndani yake.

Ta Kaiza naye si mtu wa kukubali haraka. Akaomba kuongeza. Akasema hata kama niliokota rweya, senene wale walikuja kwa sababu ya taa zake, bila taa zake wasingetua pale, kwa hiyo hata wa kwenye nyasi ni wake.

Bibi mshauri akavua miwani.

"Mwanangu, kabla ya taa zako tulikuwa tunaokota wapi?"

Ta Kaiza akarudi kukaa.

Zamu yangu ya kujitetea ilipofika nilishika Biblia nikaapa. Nilieleza kwa kifupi: niliamka, nikaenda rweya, nikaokota, nikanyonyoa, nikarudi. Hakimu akaniuliza kwa nini siku ya kwanza sikusema hivyo. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi nikiogopa sauti inapotea. Akaandika. Aliandika hata hilo.

Hukumu ilisomwa siku nyingine. Mama alikuwepo, mjomba alikuja kwa kuchelewa akasimama mlangoni.

Hakimu alisoma taratibu. Alisema senene walioingia ndani ya pipa ni mali ya mwenye pipa, na anayewachukua bila ruhusa ameiba. Alisema senene walio kwenye nyasi za rweya hawana mwenyewe mpaka mtu awaokote, na kuwasha taa hakumfanyi mtu amiliki kila kilichovutwa na mwanga wake. Alisema mlalamikaji hakuthibitisha kwamba wale wa kwenye ndoo walitoka kwenye pipa, na shahidi wake mwenyewe ameonyesha hawakutoka huko. Washauri wote wawili walikuwa na maoni hayo hayo.

Kisha akasema mshtakiwa hana hatia, yuko huru, na ndoo yake arudishiwe.

Akamweleza Ta Kaiza kwamba asiporidhika ana siku thelathini za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Hilo nalo nililipenda. Hata aliyeshindwa anaonyeshwa mlango wa kupanda. Hakukata rufaa.

Nani alipunguza lile pipa, sijui mpaka leo. Wengine wanasema liliachwa wazi, jua likawapasha joto, wakaruka. Sikupewa kazi ya kujua hilo, na mahakama haikunidai jibu.

 Tulipotoka nje mjomba alichukua ndoo yangu kutoka mkononi kwangu akaibeba yeye. Mama akataka tupite njia ya nyuma, kwenye migomba, kama tulivyokuwa tunafanya toka kesi ianze ili tusikutane na watu.

Nikamwambia leo tupite senta.

Tukapita katikati ya maduka, mchana, watu wote wapo. Nilikuwa naamkia mimi kwanza. Kila mtu, kwa jina lake. Mafundi baiskeli, wauza maharage, mama wa hoteli, walimu waliokuwa wanasubiri gari. Wengine walichelewa kuitikia kwa mshangao, hawajawahi kusikia sauti yangu. Mama alikuwa nyuma yangu, na nilipogeuka nikaona amenyoosha mgongo, anatembea kama anakwenda harusini. Nimeona vitu vingi vizuri, lakini mama yangu akitembea vile sijaona tena.

Nilichojifunza ndicho hiki. Nilidhani sheria ni ya wanaojua kuongea. Kumbe imewekewa ngazi na zamu kwa ajili ya watu kama mimi. Mtendaji ana mpaka wake, polisi ana mpaka wake, anayekushtaki ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na wewe unapewa zamu yako, na pale kwetu hakimu aliisubiri hata sauti ilipochelewa kutoka. Najua si kila mahali mambo yanakwenda hivi, kuna ndugu humu wameumizwa. Mimi nasema yaliyonipata.

Na lubisi siidharau. Ukikosa, peleka lubisi, omba radhi, ni heshima. Ila usiipeleke kwa kosa ambalo si lako kwa sababu tu umechoka kutazamwa.

Wanaojua sheria naomba mnisahihishe nilipokosea. Na kama kuna dada au kaka ameitwa ofisini wiki hii na anaogopa, aulize hapa chini. Nachelewa kuandika, lakini siku hizi nikiulizwa najibu.